Uzi maalumu: Kula mtaani ukiwa nje ya nchi, mji kwa mji na saa kwa saa

Tumbo Halina Pasipoti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Sanduku langu la ujumbe limejaa swali moja: "Mkuu, wiki ijayo naenda Bangkok, nitajie mgahawa wa uhakika." Mwingine anaenda Istanbul, mwingine Mexico City. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naimwaga yote hapa, na wenye uzoefu mtaniongezea au mtanipinga.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Majina ya sehemu nitawapa, ila jina bila saa ni kazi bure. Chakula cha mtaani kina saa yake kama feri: ukichelewa, unaiona mgongo.

Hilo nililijua Lima, kwa aibu. Nimetua, nimeoga, saa moja na nusu usiku niko barabarani nasaka ceviche, wale samaki wabichi wanaoivishwa kwa maji ya ndimu tu, bila moto. Mgahawa wa kwanza umefungwa. Wa pili, viti viko juu ya meza. Wa tatu, mzee mmoja anapiga deki. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba nataka kula, akacheka kidogo, akanyoosha kidole juu mahali ambapo jua huwa saa sita mchana, kisha akaendelea na deki yake. Nikaishia kwenye mgahawa wa watalii uliokuwa wazi, nikala kitu chenye ladha ya friji.

Kesho yake saa saba mchana nikarudi palepale penye mzee wa deki. Foleni mpaka nje. Samaki ametoka sokoni alfajiri, kakatwa vipande saizi ya kidole gumba, juu yake kitunguu chekundu chembamba kama uzi, pembeni kiazi kitamu na mahindi ya punje nene. Ukimaliza nyama unabaki na yale maji meupe ya ndimu na pilipili. Wenyeji wanayaita maziwa ya simbamarara na wanayanywa mpaka tone la mwisho. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza ceviche ya Peru kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ila mzee wa deki hakuhitaji UNESCO imwambie kwamba samaki wa asubuhi haliwi usiku.

Na usiku wa Lima haujalala njaa. Giza likiingia unafuata moshi mpaka kwenye anticuchos, mishikaki ya moyo wa ng'ombe. Asili yake inahusishwa sana na Waafrika waliopelekwa Peru utumwani, ambao waliachiwa viungo vya ndani vya mnyama wakavigeuza kuwa kitu ambacho leo kila mtu anakipangia foleni. Kwa hiyo mji ni uleule na tumbo ni lilelile, ila mchana una chakula chake na usiku una chakula chake.

Nitaendelea na Asia, ngoja nishushe posti nyingine.

Sufuria Jeusi

Nimevuta kiti. Endelea mkuu.

Tumbo Halina Pasipoti

Tuanze Hanoi, maana pale saa zinafuatwa kama ratiba ya shule. Asubuhi ni pho: supu ya mifupa iliyochemka usiku kucha, tambi za mchele, nyama ya ng'ombe. Mchana ni bun cha: nyama ya nguruwe ya kuchoma inaogelea kwenye mchuzi wenye utamu na uchachu, tambi kando, na rundo la majani mabichi. Kuanzia saa tano harufu yake inakupokea tangu kona ya mtaa. Hiyo ndiyo aliyokula Barack Obama na Anthony Bourdain, yule mpishi wa vipindi vya televisheni, mwaka 2016, na meza waliyokalia wenye mgahawa wameifunika kwa kioo. Usihangaike kwenda kupiga picha ya meza. Tembea mitaa ya mji mkongwe, tafuta viti vidogo vya plastiki vinavyokuleta magoti karibu na masikio, mwangalie mama anayepepea mkaa. Pakiwa pamejaa wafanyakazi wa ofisini saa sita, kaa. Sehemu nyingi za namna hiyo zinapika kitu kimoja tu, hakuna menyu. Unakaa, unaletewa.

Singapore ni kinyume, kila kitu kipo chini ya paa moja. Serikali ilihamisha wauzaji wa barabarani na kuwaweka kwenye majengo yenye maji na mifereji, kazi iliyofanyika zaidi miaka ya 1970, na utamaduni huo uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2020. Maxwell, Old Airport Road, Chinatown Complex, Tiong Bahru, popote utakapoingia hutalala njaa. Mambo mawili ya kujua. Ukikuta pakiti ya tishu juu ya kiti kitupu, usikae: kuna mtu kaiweka kushika nafasi, na hapo tishu ina heshima kuliko shati. Pili, ukimaliza rudisha trei mwenyewe, tangu 2021 kuacha meza chafu kunaweza kukuletea faini. Ukiwa maeneo ya Lau Pa Sat jioni, barabara ya Boon Tat inafungwa kwa magari na moshi wa satay, mishikaki ya huko, unachukua nafasi yao. Na mzee wa kibanda akiishiwa tambi saa nane, kafunga, hakuna cha "naomba ya mwisho".

Bangkok wengi mnakimbilia Jay Fai, yule mama anayepika kwa mkaa akiwa amevaa miwani mikubwa ya kuzuia mafuta, mwenye nyota ya Michelin, kile kitabu kinachopima migahawa, tangu toleo la kwanza la mji huo kwa mwaka 2018. Kimanda chake cha kaa ni kizuri, sibishi. Lakini kuiharibu nusu siku ya safari kwenye foleni moja, mimi siwezi. Jioni ingia Yaowarat, mtaa wa Wachina, tembea upande mmoja ukiangalia tu, rudi upande wa pili ukila. Epuka Jumatatu, vibanda vingi hupumzika. Mchana ukitaka kuona matunda na mapishi yaliyopangwa kistaarabu, nenda soko la Or Tor Kor, jirani na Chatuchak. Na popote wanapouza tambi, mezani utakuta vikopo vinne: sukari, pilipili ya unga, siki yenye pilipili na mchuzi wa samaki. Bakuli la tambi linaletwa halijamaliziwa makusudi, wewe ndiye unayelimalizia. Mgeni analalamika halina ladha wakati ladha iko mbele yake kwenye vikopo.

Japani nitaitaja kwa Fukuoka peke yake, kwa sababu ya yatai. Ni vibanda vya magurudumu vinavyokokotwa jioni na kufunguliwa kando ya mto pale Nakasu, na kando ya barabara pale Tenjin, kila kimoja kina viti kama kumi hivi. Unabanana bega kwa bega na watu usiowajua, mpishi yuko mbele ya pua yako. Kila mtu anaagiza chake, na ukishiba unampisha mwingine. Mvua ikinyesha sana, wengi hawafungui. Bakshishi usiache, watakukimbiza barabarani kukurudishia.

Bi Mwiko

Nimefanya kazi jikoni miaka mingi, naomba nisogeze mjadala upande wa tumbo maana naona mnasifia tu.

Mwanangu, foleni si kipimo cha ladha peke yake, ni kipimo cha usalama. Chakula kinachoisha haraka hakipati muda wa kulala kwenye joto la hatari. Shirika la Afya Duniani linasema vijidudu vinastawi kati ya nyuzi 5 na 60. Kilichopikwa kikae juu ya 60 mpaka kinaliwa, la sivyo kiwekwe baridini. Kwa hiyo wali uliopikwa asubuhi, ukakaa vuguvugu mpaka saa kumi chini ya taa ya kupambia, huo siugusi hata uwe hotelini kwenye vyombo vya fedha. Nitakula kwa mtu wa barabarani anayekaanga mbele ya macho yangu.

Watu wanaogopa nyama, kumbe mara nyingi kinachowalaza ni vile vidogo vya pembeni. Salsa, ule mchuzi wa pilipili wa Mexico, iliyokaa wazi mezani tangu jana. Kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua. Tunda lililomenywa kabla hujafika. Maji ya kutumbukizia pani puri, vile vibofu vya unga vya kukaanga, huko India, hayo mimi nilikunywa nikajuta siku mbili. Barafu nayo itazame: Thailand ile yenye umbo la bomba na tundu katikati inatoka kiwandani. Ile inayopasuliwa kwa nyundo kutoka kwenye bonge, ni juu yako.

Halafu mtazame mikono. Anayepokea pesa ndiye anayeshika mkate? Kisu cha nyama mbichi ndicho kinachokata iliyoiva? Dakika mbili za kusimama na kutazama zinatosha.

Tumbo likikuharisha, maji kwanza. Pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini bebeni tangu nyumbani. Huna pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukiona damu chooni au homa inapanda, hayo si ya kujitibu hotelini, nenda hospitali.

Tumbo Halina Pasipoti

Mama, hili la salsa limenigusa mahali. Sitasema wapi.

Sheha wa Mezani

Assalaam aleykum. Uzi mzuri ila sisi tusiokula nguruwe mnatuacha njiani. Hanoi umenitajia nguruwe, huko Taiwan nasikia hata mboga zinakaangwa kwa mafuta yake. Tunakula nini?

Tumbo Halina Pasipoti

Waaleykum salaam sheikh. Swali halali kabisa, na majibu yapo mazuri kuliko unavyodhani.

Ukiwa China, jifunze kutambua herufi mbili tu, 清真, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Ni chakula cha Waislamu wa huko. Karibu kila mji una duka la tambi za Lanzhou: kijana anashika donge la unga, analivuta, analikunja, analivuta tena, kufumba na kufumbua zimekuwa nyuzi mia na ziko kwenye supu ya ng'ombe. Ni chakula cha haraka, chepesi mfukoni, na unaona kila kitu kikipikwa. Guangzhou wafanyabiashara wageni wanaishi kwa hizo.

Lakini kama una siku mbili za ziada panda treni mpaka Xi'an, mtaa wa Waislamu nyuma ya mnara wa ngoma. Kuna supu ya kondoo inaitwa yangrou paomo ambayo mteja anafanyishwa kazi. Unaletewa bakuli tupu na mikate miwili migumu. Unaimega mwenyewe vipande vidogo, vidogo kama punje za mahindi. Mimi niliharakisha nikamega vikubwa. Mzee wa meza ya jirani akavuta bakuli langu bila kuomba ruhusa, akaanza kunisaidia huku akitikisa kichwa. Dakika ishirini tulimega kimya kimya. Ndipo bakuli linapelekwa jikoni, linarudi na supu, nyama na tambi nyembamba, mkate umenyonya mchuzi lakini haujavurugika. Ukimega vikubwa, ndani vinabaki vikavu. Kazi ile ina sababu.

Malaysia na Singapore kuna alama rasmi za halali kwenye vibanda. Penang, ndani ya George Town, nenda kwenye nasi kandar: wali na michuzi ya Waislamu wenye asili ya India, mwambie akumwagie mchanganyiko. Thailand tafuta alama ya halali yenye umbo la almasi. Kusini mwa nchi na mitaa yenye misikiti ndiko rahisi zaidi.

Majani Tu

Na sisi wa mboga?

Tumbo Halina Pasipoti

Thailand tafuta bendera ya njano yenye herufi nyekundu เจ, hapo hakuna nyama wala mchuzi wa samaki. Taiwan ni 素. Na Addis Ababa panga ufike Jumatano au Ijumaa! Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia wanafunga nyama, maziwa na mayai siku hizo, kwa hiyo migahawa mingi inatoa beyaynetu: injera moja pana, ule mkate wao laini kama chapati, juu yake vilima vya dengu, jamii ya kunde iliyosagwa, kabichi, mboga za majani, kila kilima na rangi yake. Sema "yetsom" tu watakuelewa. Kuna saa, na kuna siku pia.

Na mwenyeji akikutengenezea tonge akalileta mdomoni mwako kwa mkono wake, fungua mdomo. Inaitwa gursha, kukataa ni kumvunjia heshima.

Mguu Mrefu

Mkuu unaongelea Asia na Marekani ya Kusini kama vile Afrika hakuna kitu. Naomba nichukue kipaza sauti.

Cairo asubuhi ni ful, maharage makubwa yaliyopikwa taratibu usiku kucha kwenye chungu chenye shingo nyembamba, unasimama kwenye mkokoteni na mkate wako. Koshari haina saa, ni wali, adesi, makaroni, dengu, nyanya na kitunguu cha kukaanga, sahani moja inakupeleka mpaka usiku. Jamaa anaipakua kwa kugonga vijiko kwenye vyombo vya bati kama mpiga ngoma.

Accra, amka mapema uwahi waakye. Wali na kunde vinapikwa pamoja na majani ya mtama yanayoupa rangi ya kahawia nyekundu. Unafungiwa kwenye jani, juu yake yai, tambi, gari (chenga za muhogo zilizokaangwa), na shito, ile pilipili nyeusi yenye samaki wakavu. Muuzaji mzuri saa nne asubuhi yuko chini ya sufuria.

Dakar ni ceebu jën, wali wa samaki, chakula cha mchana, uko UNESCO tangu 2021. Mkialikwa bakuli moja, kula sehemu iliyo mbele yako. Mwenye nyumba ndiye anayekusogezea kipande cha samaki kutoka katikati, usijirukie.

Durban usishtuke na jina la bunny chow, hamna sungura. Ni mkate uliotobolewa ukajazwa mchuzi wa Kihindi. Unaagiza kwa robo, nusu au mzima. Wewe agiza robo, utanishukuru. Unaanza na kile kipande cha mkate kilichotolewa katikati, unachovya, unashuka kuta taratibu, na kijiko usiombe.

Chumvi Kiasi

Na Marrakech? Mimi nina kinyongo nako. Pale uwanja wa Jemaa el-Fnaa nimevutwa mkono na vijana watatu, nikakaa kibanda kimoja, mkate na zeituni zikaletwa sijaagiza, mwisho wa siku viko kwenye bili, na nyama niliyopewa ni vipande vitano.

Tumbo Halina Pasipoti

Pole. Ule uwanja ni wa ajabu, wasimulizi na wapiga ngoma wake ndio walioupeleka kwenye orodha za UNESCO tangu 2001, ila vibanda vinavyokuvuta mkono ndivyo vinavyohitaji kukuvuta mkono. Fika giza likiingia, uzunguke wote kwanza. Kaa kwenye supu ya konokono au ya harira (nyanya na dengu), ambako watu wanakuja wenyewe na kuondoka, hakuna wa kukuita. Uliza bei kabla ya kukaa. Kilicholetwa bila kuombwa kisogeze pembeni na useme hukukihitaji, kwa tabasamu.

Na mchana ingia vichochoro vya kaskazini mwa uwanja ule ukaulize tanjia. Nyama inawekwa kwenye chungu na vitunguu saumu, bizari na ndimu ya chumvi, mdomo unafungwa kwa karatasi, chungu kinapelekwa kwenye tanuri linalochemsha maji ya hamamu na kufukiwa kwenye majivu kwa saa kadhaa. Kwa kawaida ni chakula cha wanaume wa sokoni, wanapeleka asubuhi wakienda kazini. Umeona? Moto wa kuogea unapika chakula cha mchana.

Sufuria Jeusi

Mexico City tafadhali, naondoka mwezi ujao.

Tumbo Halina Pasipoti

Mexico unahitaji kalenda, si saa tu.

Siku za kazi mchana, kuanzia saa saba, tafuta comida corrida kwenye vijimgahawa vya familia wanavyoviita fonda: supu, wali, chakula kikuu, maji ya matunda, bei moja iliyoandikwa kwa chaki. Jumamosi na Jumapili asubuhi ni barbacoa, kondoo aliyefukiwa shimoni usiku mzima akiwa amefunikwa majani ya maguey, mmea unaofanana na mkonge. Saa sita mchana inaweza kuwa imekwisha. Jioni ni al pastor. Ile nyama ya nguruwe inayozunguka kwenye mti wima ilianzia kwa wahamiaji wa Lebanon na shawarma yao, wenyeji wakaibadilisha nyama na viungo. Mkataji mzuri anakata nyama kwa mkono mmoja, anadaka kwa tortilla, kile kichapati cha mahindi, halafu kwa ncha ya kisu anarusha kipande cha nanasi kutoka juu na kukidaka kwenye taco hiyohiyo. Usipige makofi, wateja wengine wanasubiri. Sheikh wangu, wewe nenda kwenye taco za suadero au za bistec, ni ng'ombe, lakini uliza kwanza kikaango kina mafuta gani.

Mwaka 2024 Michelin iliipa nyota El Califa de León, kijiduka cha taco ambacho ndani hamna pa kukaa. Waliokuwa wanakula hapo miaka yote sasa wanapanga foleni na watalii. Ndiyo gharama ya sifa.

Ukipata nafasi, Oaxaca, soko la 20 de Noviembre, kuna kichochoro cha moshi: unachagua nyama mbichi, wanakuchomea hapohapo, mboga na tortilla unanunua kwa watu wengine wanaopita na makapu. Ukitoka hapo shati lako litanukia mpaka ufike nyumbani, livae la zamani.

Mguu Mrefu

Ulaya nayo umeiruka.

Tumbo Halina Pasipoti

Ulaya nina maneno machache. Hispania mchana wa siku za kazi, saa nane, agiza menú del día, sahani mbili, mkate, kinywaji na kitamutamu kwa bei moja. Ukienda saa kumi na mbili jioni kutafuta chakula cha usiku utakula peke yako na Waingereza, wenyeji wanaanza saa tatu. Palermo asubuhi kwenye soko la Ballarò. Mwenye moyo mgumu ale mkate wa bandama. Napoli pizza ya kukaanga, usiku. Zaidi ya hapo kuna wanaoijua kuliko mimi.

Ndege wa Usiku

Jamani, naunganisha ndege Istanbul, nina muda wa saa kumi na mbili kuanzia asubuhi, viza ninayo. Ni mwanamke, nasafiri peke yangu. Nifanyeje?

Tumbo Halina Pasipoti

Dada, saa kumi na mbili ni nyingi, ila weka tatu za kurudi uwanjani usizicheze. Mizigo acha kwenye hifadhi ya uwanja.

Fika Eminönü, kwenye gati za feri upande wa Ulaya, nunua simit ya moto, mkate wa duara wenye ufuta, kwenye kigari chekundu, panda feri kwenda Kadıköy upande wa Asia. Ni dakika ishirini na ushee, chai inauzwa humo humo kwenye vikombe vya kiuno chembamba, na shakwe wanafuata simit yako. Ukishuka, soko la samaki na mboga liko mitaa michache tu mbele. Saa sita mchana ingia esnaf lokantası yoyote yenye trei za bati dirishani. Hizi ni za wafanyabiashara wa mtaa: vyakula vimepikwa asubuhi, unaonyesha kidole, bamia, maharage, nyama na biringanya, wali. Saa tisa trei zinaanza kuonyesha bati. Familia na wanawake peke yao ni wengi, hutajiona mgeni.

Kabla ya kurudi, simama kwa muuza kome, midye dolma, kome waliojazwa wali wenye viungo. Anafungua mmoja, anakamulia limau, anakupa mkononi. Ukimaliza anakupa mwingine bila kuuliza. Hatasimama mpaka wewe useme basi. Chagua mwenye wateja wengi na trei inayoisha, kama alivyosema Bi Mwiko.

Bi Mwiko

Kome aliyefunga mdomo kabla ya kukufungulia mbele yako ndiye wa kula. Wale waliokwisha kupanuka wapo wanalijua jua tangu asubuhi, waache.

Ndege wa Usiku

Nimerudi, naandika nikiwa langoni, ndege bado nusu saa. Lokanta nimekula bamia za kondoo, mwenyewe kaniongezea wali bila kuandika. Kome nilijiambia nitakula watatu. Nilipotaka kulipa yule baba akahesabu maganda kwenye kisahani kwa sauti, moja, mbili, watu wa nyuma yangu wakaanza kuhesabu naye. Kumi na saba.